Mzigo wa Waziri

Tangu kulipopambazuka mama alikuwa anamgombeza mumewe, na mumewe badala ya kujibu alikuwa anakohoa.

"Mtu mwenye kifua kama hicho anakwenda wapi?" mama aliuliza, huku akilisukumiza sweta ndani ya begi kana kwamba sweta ndilo lenye makosa. "Huko juu hata mbuzi hawafiki. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Waziri," mume akajibu, akacheka, na kicheko chenyewe kikaishia kwenye kikohozi.

Waziri lilikuwa jina lake la mlimani. Katika safari za wageni kila mpagazi ana mzigo wake: huyu mahema, yule mitungi ya gesi, yule meza na viti vya kukunja, maana mgeni hata akiwa mawinguni hataki kula amechuchumaa. Yeye alibeba choo. Choo kizima, jamani: kiti, tangi, ndoo, dawa ya kuua harufu, na kihema cha kukizungushia. Wenzake wakambatiza Waziri wa Mambo ya Ndani, na kwa kuwa jina hilo ni refu kwa mtu anayehema, likabaki Waziri. Alilipokea kwa kucheka. Na kila aliporudi nyumbani mkewe alimwekea maji nyuma ya nyumba, asiguse hata komeo la mlango kabla hajajisugua mara mbili. Hilo nalo alilicheka.

Safari hii alikuwa anaondoka pamoja na binti yake mkubwa. Binti alikuwa amemaliza mafunzo ya uongozaji watalii, akafaulu, na sasa kampuni ileile ya baba yake ilikuwa inampeleka kwa majaribio, chini ya kiongozi mkuu. Kiongozi huyo akisema anafaa, ameajiriwa. Neno "ukipita" lilikuwa limechakaa nyumbani kwao kwa kutamkwa. Ukipita, baba yako atatua mzigo. Ukipita, tutahama vyumba hivi vinavyovuja. Ukipita, wadogo zako hawatarudishwa tena shuleni kwa ajili ya sare. Binti alikuwa anaamka nalo na kulala nalo.

"Baba, kaa nyumbani safari hii," alisema akiwa anafunga kamba za viatu. "Niache niende peke yangu."

"Nikae, halafu usipopita? Tule nini, cheti chako?" Baba alijaribu kulifanya liwe mzaha. Halikuwa mzaha, na wote watatu walilijua hilo.

Mama akamshika binti mkono mlangoni. "Mtazame baba yako," akanong'ona. Kisha akamgeukia mumewe kwa sauti ya juu. "Na wewe umtazame mwanangu, usije ukamharibia." Akaingia ndani kabla hawajaondoka, kwa sababu hakupenda kuonekana analia.

* * *

Kwenye geti la hifadhi, kabla ya kupanda, mizigo hupimwa na kukaguliwa. Mkaguzi alifika kwa Waziri, akaligonga begi kubwa kwa ncha ya kiatu.

"Fungua."

"Ni choo, mkuu."

"Nimesema fungua."

Akafungua. Mkaguzi akataka kila kitu kitolewe, kipangwe chini, kihesabiwe, na kiti cha choo kikasimama katikati ya uwanja mbele ya wageni na wapagazi wa kampuni zote. Wageni wakapiga picha. Mpagazi mmoja akaita kwa sauti, "Kikao cha baraza kimefunguliwa!" na uwanja mzima ukaangua kicheko, Waziri akiwemo. Binti alikuwa amesimama upande wa wageni, amevaa koti jipya lenye nembo ya kampuni, anatazama mlima. Aliona aibu, kisha akaona aibu kwa kuona aibu.

Walipokuwa wanajipanga kuondoka baba yake alipita karibu naye bila kusimama. "Huku usiniite baba," alisema chini chini. "Huyu bwana atasema umekuja kumlea mzazi badala ya wageni. Niite Waziri kama wengine."

"Siwezi."

"Utaweza."

Huyo bwana alikuwa kiongozi mkuu, waliyemwita Kapteni, mtu mrefu, mkavu, aliyekuwa amezunguka milima ile hadi akaanza kuiona kama shamba lake. Aliwakusanya wote. "Kwangu mimi sheria ni mbili," alisema. "Mgeni hapungukiwi. Hiyo moja. Ya pili, ukimteremsha mtu njiani, mzigo wake haujipandishi wenyewe. Aliyemteremsha ndiye atakayenijibu unapandaje. Tumeelewana?" Wakaelewana. Binti alipangiwa kutembea nyuma kabisa, na mgeni mzito wa mwendo kuliko wote, mama mmoja mtu mzima mwenye fimbo mbili na moyo mwema, aliyekuwa anasimama kila kona kushukuru kwa uzuri wa dunia.

Njia ilipita bonde baada ya bonde. Bonde la kwanza lilikuwa na mito ya kuvukwa juu ya magogo yanayoteleza, na ukungu uliowalowesha bila mvua kunyesha. La pili lilikuwa na nyasi ngumu na upepo. La tatu halikuwa na kitu ila mawe, na hewa yenyewe ilikuwa chache, mtu akifunga kamba ya kiatu anainuka akitweta. Mbele yao, kati ya vilele viwili, kulikuwa na pengo jembamba ambalo wapagazi wanaliita mlangoni. Ukivuka pale, ni kuteremka tu hadi geti la upande wa pili.

Utaratibu wa kazi ni huu: wageni hutangulia asubuhi, wapagazi hubaki kung'oa kambi, kisha huwapita wageni njiani karibu mbio, ili mgeni akifika akute hema limesimama na maji yana moto. Na cha kwanza kusimama ni choo. Siku za mwanzo Waziri alimpita binti yake akiwa na begi lile kichwani na begi lake dogo la nguo mgongoni, anatupa mzaha. Baadaye alikuwa anampita kimya. Baadaye tena akawa hampiti mpaka jua limeegemea.

Jioni moja binti aliingia hema la jikoni akakuta sahani za wapagazi zimepangwa pamoja, moja imewekwa kando chini.

"Ile ya nani?"

"Ya Waziri," mpishi akasema.

"Mbona iko peke yake?"

"Dada, yule anashika vile vitu."

"Si ananawa?"

"Ananawa, sikatai. Lakini kinyaa hakinawi." Mpishi hakulisema kwa ubaya, alilisema huku anakoroga uji.

Binti alitoka nje kwa hasira. Akamkuta baba yake nyuma ya jiwe anamsukumia mwenzake wali wake. Mwenzake huyo, kijana, aliitwa Redio kwa maneno yake mengi. Mlimani kila mtu analijua hilo: mpagazi akiacha chakula, anaumwa.

Binti alikuwa na kile kipimo cha kubana kidoleni, ambacho kila jioni aliwapima nacho wageni pumzi zao. Akakitoa mfukoni. "Nipe kidole, baba."

"Hicho ni cha wageni," baba akasema, akaficha mkono kwapani.

"Na betri zake pia ni za wageni," sauti ya Kapteni ilisema nyuma yao. "Au umezinunua wewe?"

Binti akakirudisha mfukoni. Kapteni alipoondoka, alichuchumaa mbele ya baba yake. "Rudi chini. Kesho, kabla hatujapanda mlangoni. Nakuomba."

"Nikirudi, kampuni itasema mzee kaisha. Na wewe bado hujapita." Baba aliongea polepole, pumzi inakatika katikati ya maneno. "Katika nyumba ile lazima mmoja awe na kazi. Kwa leo huyo ni mimi. Kesho tunavuka, tunateremka, unapita, mimi nalala hadi nichoke kulala. Usiniharibie, mwanangu. Usijiharibie."

Binti akanyamaza. Ndilo kosa lake, kama mnataka kumtafutia kosa. Mimi sitaki.

* * *

Asubuhi ya kuvuka, Redio na wenzake wawili walimwona Waziri anajaribu kusimama na mzigo wake, anarudi chini, anajaribu tena. Choo wasingeweza kumsaidia. Kapteni anapokagua msafara anajua kila mzigo una mgongo wa nani, na angeuliza. Kwa hiyo wakafanya lile ambalo wapagazi hufanyiana siku zote.

"Lete begi lako la nguo, mzee, utembee mwepesi," Redio alisema, akalivua mgongoni mwake, akalitupia juu ya mzigo wake mwenyewe, na wakaondoka mbio kama kawaida yao.

Ulikuwa wema mtupu. Huko mabondeni wanafanya hivyo kila siku, na wanakutana mbele baada ya muda mfupi. Hakuna aliyekumbuka kwamba siku hiyo njia ni ndefu na inapanda hadi kwenye barafu, na kwamba ndani ya begi lile mlikuwa na sweta, koti la mvua na blanketi. Walikuwa wamemwondolea mzee mzigo wake mwepesi kuliko yote, wakamwachia choo na shati.

Mvua ya barafu ilianza pale mlangoni pakiwa tayari panaonekana. Binti alikuwa nyuma na yule mama mgeni, wanapanda hatua kwa hatua, alipoona kitu chekundu pembeni mwa njia. Lilikuwa begi la choo. Baba yake, aliyewapita walipokuwa wamejikinga upepo nyuma ya jabali, alikuwa amelikalia, mikono kwapani, shati limegandamana na mbavu, midomo imekuwa ya kijivu.

"Mama yako ameshatenga maji?" alimuuliza.

Binti akapiga magoti mbele yake. Alivua koti lake lenye nembo akamvika, akamvutia kofia hadi masikioni, akaanza kumsugua mikono. Mama mgeni akavua skafu yake akamfunga mzee shingoni, kisha akauliza kwa lugha yake kama anamfahamu mtu huyu.

"Ni baba yangu," binti akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka hilo tangu getini.

Joto kidogo lilipomrudia, Waziri alilitazama koti. "La kiongozi hili. Lichukue. Kapteni atakuona."

"Simama, baba. Unashuka."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe unaniamrisha mimi?" Macho yalimtoka. "Nimekubeba mgongoni wewe."

"Ndiyo, baba. Simama."

"Ukiniteremsha mimi umejiteremsha mwenyewe. Ulimsikia Kapteni alichosema."

"Nilimsikia. Simama."

"Mlango ule pale! Acha nivuke, mtoto usiye na adabu!" Alijaribu kuinuka kuelekea juu, magoti yakakataa, akaketi tena juu ya choo akaanza kulia kwa hasira, mtu mzima, mbele ya mgeni. Binti hakuwahi kumwona analia. Tusi lile angeweza kulivumilia. Machozi yale ndiyo yaliyomvunja.

Redio akatokea juu anateremka mbio, amelikumbatia begi dogo kifuani. "Dada, nilipofika mlangoni nikaona baridi, nikavaa koti langu, ndipo nikakumbuka lake ninalo mimi," alisema, huku anamfunika mzee blanketi. "Mimi ni mjinga, dada. Nipige."

"Mshushe. Mpaka kwenye kibanda cha askari wa hifadhi, bonde la chini. Usimwache akae, hata akikutukana."

"Na yeye ni Waziri, atanitukana kiserikali," Redio alijaribu. Hakuna aliyecheka. Akampitisha mzee mkono begani, wakaanza kushuka. Waziri hakugeuka kumtazama binti yake hata mara moja.

Choo kikabaki kwenye mawe. Binti alifikiri kukiacha, ampeleke mgeni kwanza kisha arudi. Lakini mwanga wa mchana usingemngoja, na kambini, ng'ambo ya mlangoni, wageni wote walikuwa wanakingoja. Akakivuta, akakipandisha kichwani. Mama mgeni akamchukulia begi lake bila kuulizwa. Wakavuka mlangoni hivyo, mgeni mbele na kiongozi nyuma yake, shingo imedidimia mabegani.

* * *

"Wageni wanajisitiri nyuma ya mawe kama ng'ombe!" Kapteni alimpokea. "Mbona choo umebeba wewe? Waziri yuko wapi?"

Binti akatua mzigo. "Waziri nimemteremsha. Alikuwa anakufa."

"Amekufa?"

"Hapana."

"Basi hakuwa anakufa." Kapteni akalitazama begi, akamtazama yeye. "Kesho kinabebwa na nani?"

Wapagazi waliokuwa karibu wakaangalia chini. Kila mmoja alikuwa na mzigo wake hadi kikomo, na wa Redio walikuwa wameshagawana.

"Nitabeba mimi, na nyuma nitabaki na mgeni wangu," binti alisema.

"Huwezi kuwa vyote viwili. Mgeni akikuona leo unamwaga ndoo yake, kesho atakufuata vipi kwenye jabali?" Kapteni aliongea kwa utulivu, kama mtu anayemwelekeza mtoto. "Mimi sikuchukii. Ulichagua. Lile koti la kampuni umempa nani?"

Jioni ile mpishi alisimama na upawa mkononi kwa muda, hamtazami usoni. Kisha sahani ya binti akaiweka kando, chini. Binti aliichukua, akala wali wote hadi punje ya mwisho, kwa hasira.

Siku za kuteremka alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Alisimamisha choo, akakiosha, akachimba shimo, akamwaga, akafunika. Wageni waliokuwa wanamwita kwa jina sasa walimpita wakitazama pembeni, kwa heshima, wakidhani wanamsitiri. Ni mama mgeni peke yake aliyemshika mkono, na getini aliongea na Kapteni kwa muda mrefu, anamnyooshea binti kidole, machozi yanamlengalenga. Kapteni akawatafsiria wapagazi: "Anasema ameifurahia safari, anawashukuru wote."

* * *

Mwenye kampuni alikuwa na ofisi yenye zulia, na picha ya mlima ukutani iliyopigwa siku nzuri.

"Kapteni anakusifu," alisema. "Anasema una mgongo mzuri."

"Na uongozi?"

"Uongozi unataka mtu asiyechanganya kazi na ukoo. Tutaangalia mwakani. Ila nafasi ya mzee iko wazi. Kuna kikundi kinaondoka wiki hii, na mzigo wenyewe si mzito." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na wahenga wenyewe hawakuwahi kuliona tangi lile likiwa limejaa.

"Baba akipona je?"

"Mzee aliyekwisha kuteremshwa? Mwanangu, bima yangu haimkubali tena."

Binti alikuwa na tusi zima limemwivia mdomoni. Alimfikiria mama yake, sare za wadogo zake, dawa za kifua ambazo sasa zingekuwa za kila siku. Alilimeza. "Wanaondoka siku gani?" akauliza.

* * *

Nyumbani baba alikuwa amelala chumba cha mbele, ameelekea ukutani. Askari wa hifadhi walimfikisha hospitali kwa gari, daktari akasema kama angevuka kule juu asingerudi. Baba hakumwamini daktari. Aliamini kwamba mwanawe amemfukuza kazi, na tangu arudi alikuwa amemwambia mkewe hivyo kwa kila namna.

"Umepita?" mama aliuliza kabla binti hajatua begi.

"Sijapita."

"Kwa sababu ya huyu?"

Binti akatua begi. Mama akaugeukia ule mgongo uliokuwa kitandani. "Nilikwambia ukae nyumbani! Nilikwambia! Kichwa gani hicho, hata jiwe husikia!" Kisha akamgeukia binti, kwa sababu hasira zilikuwa bado zipo na hazikuwa na pa kwenda. "Na wewe! Ungemteremsha mapema, kabla hajafika huko!" Kisha akaketi chini, akafunika uso kwa mikono. Alijua hakuna kati yao anayestahili hasira zile. Waliostahili walikuwa mbali, kwenye zulia.

"Wamenipa nafasi ya baba," binti alisema.

"Nafasi gani ya baba?"

"Ya choo. Wiki hii."

"Huendi."

"Tutakula nini, mama?"

Mama aliinuka. Akaenda jikoni kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa, na wakamsikia huko anagonga sufuria moja baada ya nyingine.

Kitanda kikalia. Baba alikuwa amegeuka. Alimtazama binti kwa muda, hasa shingoni, pale ambapo ngozi ilikuwa imechubuka.

"Ulikibeba kichwa kitupu," alisema. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwake tangu kule mlimani.

"Sikuwa na ngata."

"Nipe kitambaa."

Binti akampa kitambaa chake cha kichwa. Baba akajikokota akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kukizungusha vidoleni, anakaza, anakunja, anapumzika kuvuta pumzi, anakaza tena. Mikono ilikuwa inajua inakokwenda. "Tangi likijaa, uzito wake unacheza," alisema bila kuinua macho. "Wakati wa kupanda egemeza nyuma kidogo. Wakati wa kushuka usikimbie hata wakikuita. Na usile karibu nao wakitenga sahani yako. Nenda kaa mbali wewe mwenyewe, ionekane umependa."

Machozi yalikuwa yanamtoka binti na hakuyafuta. "Naenda mara hii moja tu, baba."

Huko jikoni sufuria zilikuwa zimenyamaza. Baba akaikaza ngata mara ya mwisho, akaishika kwa mikono miwili.

"Inua kichwa," alisema. "Nione kama inakaa."